The Book of Fish: mfungwa na mvuvi waliohitajiana

Kuna kitabu cha samaki kiliandikwa Korea mwaka 1814, na ukifika kwenye sehemu ya heringi unakuta mwandishi anasema Chang-dae kaniambia kwamba heringi wa upande wa Yeongnam wana pingili 74 za uti wa mgongo na wale wa upande wa Honam wana 53. Sasa huyo Chang-dae ni nani? Ni kijana wa kisiwani. Hana cheo wala mtihani aliofaulu, na anayemnukuu ni Jeong Yak-jeon, mtu aliyefaulu mtihani wa juu wa serikali mwaka 1790 akafanya kazi wizara ya vita, mtu aliyesoma maandiko ya Confucius tangu mdogo na kwa desturi ya wasomi wa enzi ya Joseon, yaani ufalme wa Korea wakati ule, alitakiwa akitaka ushahidi aende kwenye vitabu vya kale vya China, sio kwa kijana anayetoa matumbo ya samaki ufukweni. Lakini kamuuliza yule kijana, na yule kijana alikuwa kakaa kahesabu mifupa ya samaki, pingili moja moja, na mzee akaandika kama alivyoambiwa, akaweka na jina.

Filamu ya The Book of Fish ya Lee Joon-ik, iliyotoka Korea Kusini mwaka 2021, imetoka kwenye kipande hicho cha historia. Wengi nikiwasikia wanaisifia wanasema ni hadithi ya mkubwa aliyejishusha kwa mnyonge, yaani msomi mkarimu kamfungulia mvuvi mlango wa elimu. Mi naona sivyo kabisa, na naona ukiiangalia hivyo unapoteza utamu wake wote. Yule msomi hakujishusha popote, alikuwa keshashushwa na serikali mpaka chini, na kilichowaunganisha hawa wawili ni kwamba kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuweza kukipata mahali pengine popote pale. Ni mabadilishano kabisa, nipe nikupe. Na ndo maana unaamini urafiki wao, kwa sababu haujaanza na huruma.

Tuanze na jinsi mzee alivyofika kule. Mwaka 1800 mfalme Jeongjo alifariki, na huyu ndo aliyekuwa anawabeba hawa ndugu wa ukoo wa Jeong. Mrithi wake Sunjo alikuwa bado mtoto, kwa hiyo madaraka yakashikwa na malkia Jeongsun, mjane wa mfalme Yeongjo aliyekuwa babu yake Jeongjo, na kundi lililomzunguka lilikuwa linawasubiri watu wa Jeongjo kwa hamu. Sababu ilikuwepo tayari, Ukatoliki. Dini ilikuwa imeingia Korea kupitia vitabu vilivyoletwa kutoka Beijing, wasomi vijana wakavisoma, na ndugu watatu wa familia hii walikuwa humo: Yak-jeon, Yak-jong na Yak-yong. Mwaka 1801 msako ukaanza. Yak-jong aligoma kuikana imani yake akauawa. Yak-jeon na Yak-yong walikuwa wameshaachana nayo, wakaponea chupuchupu na kutupwa mbali, mmoja kisiwa cha Sinji na mwingine Janggi.

Na bado mwaka ule ule likaja jingine baya zaidi. Hwang Sa-yeong, aliyekuwa ameoa binti wa kaka yao mkubwa, alikuwa kajificha pangoni huko Baeron, akaandika barua kwenye kitambaa cha hariri, zaidi ya herufi 13,000 kwa maandishi madogo madogo, kwenda kwa askofu wa Beijing, na ndani yake kaomba mataifa ya magharibi yatume meli za kivita kuilazimisha Joseon iruhusu dini. Barua ikakamatwa kabla haijavuka mpaka. Hebu jiweke kwenye nafasi ya serikali ile, hata mtu asiye na chuki angeogopa. Hwang akauawa, ndugu wawili wakarudishwa Seoul wakahojiwa upya, halafu wakatupwa tena mbali zaidi, Yak-yong akapelekwa Gangjin kusini kabisa mwa nchi na Yak-jeon akapelekwa kisiwa cha Heuksan, kilometa 90 na ushee baharini kutoka pwani ya Mokpo. Waliagana Naju mwishoni mwa mwaka 1801 na hawakuonana tena mpaka kifo.

Filamu inayapitia haya haraka haraka mwanzoni, na kwa mtazamaji wa kwetu ambaye hajui majina haya yanaweza kumpita. Nashauri usihangaike sana na majina, shika kitu kimoja tu: mtu huyu amefika kisiwani akiwa na doa la msaliti wa nchi na mfuasi wa dini ya kigeni, ndugu yake kauawa, na watu wa kisiwani wameamriwa wamlishe wakati wenyewe wanahangaika. Sol Kyung-gu anamcheza kwa namna niliyoipenda sana, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza filamu ya enzi za wafalme baada ya miaka yote ile kwenye fani. Hamchezi kama mtakatifu aliyeonewa. Anamcheza kama mtu mzima aliyechoka, anayekunywa, anayecheka na watu, ambaye akili yake imekosa cha kufanya. Na akili iliyozoea kazi ikikosa kazi inaumwa, wasomaji wenye mzazi aliyestaafu ghafla watanielewa.

Upande wa pili yupo Chang-dae, Byun Yo-han. Kijana mvuvi, ana vitabu vichache vilivyochakaa, anavisoma mpaka kavikariri lakini anakwama kwenye maana, hana wa kumuuliza. Na huyu kijana ni mkali wa kanuni kuliko hata maafisa wa serikali! Anamkataa mzee. Anasema hawezi kufundishwa na mtu aliyeisaliti nchi. Hapo ndo niliikubali filamu, kwa sababu hadithi nyingi za namna hii mnyonge huwa anakaa tu anasubiri kuokolewa, akipewa mkono anaudaka. Huyu hapana, ana msimamo wake, na msimamo wenyewe umetoka kwenye vitabu vile vile ambavyo mzee alivisoma akaanza kuvitilia shaka. Kwa hiyo unapata kichekesho cha kihistoria lakini chenye uchungu ndani yake, mvuvi anautetea utaratibu ambao haumtaki, na bwana aliyezaliwa ndani ya utaratibu ndo hauamini tena.

Mzee akishindwa kumpata kwa ukarimu anampata kwa biashara. Unijulishe samaki, nikujulishe vitabu. Sawa kwa sawa, hamna wa kumshukuru mwenzake. Na kuanzia hapo filamu inatulia, na kwangu hii ndo sehemu tajiri kuliko zote, unawaona wawili wamechuchumaa juu ya mawe, samaki katikati yao, kijana anapasua na mzee anauliza, hiki nini, anakula nini, anakuja mwezi gani, kwa nini huyu ana magamba na huyu hana, na majibu yanakuja mfululizo bila kufikiri mara mbili, halafu jioni kibao kinageuka, kijana ndo anauliza na mzee anajibu. Kuna jambo analosema Chang-dae ambalo kila anayeisimulia hii filamu hulitaja, kwamba njia ya taa, yule samaki mpana bapa, anaijua taa mwenyewe. Mzee anashangaa, maana kasoma maisha yake yote kuhusu njia ya binadamu na kanuni za mbingu na huyu kijana kamjibu na samaki tu.

Hapo kwenye taa ngoja nikae kidogo. Heuksan mpaka leo ni kisiwa kinachosifika kwa taa, na watu wa upande wa Naju wanamla akiwa amechachushwa mpaka anatoa harufu kali inayopanda puani na kutoa machozi, ukizoea papa mkavu wa sokoni utakuwa umepata robo ya picha. Kitabu cha Yak-jeon chenyewe kinaandika kwamba watu wa Naju wanampenda hivyo alivyochacha, wanamla wakinywa pombe, na kwamba supu yake inasaidia tumbo. Halafu kinaelezea jinsi taa jike akinasa ndoana, dume linakuja kumpanda, na mvuvi anavuta wote wawili kwa mpigo, jike kafa kwa sababu ya tamaa ya chakula na dume kwa tamaa ya mwili. Msomi hakuyapata hayo kwenye kitabu chochote cha China. Aliyapata kwa mtu aliyekuwa anashika kamba ya ndoana. Kuna samaki mwingine humo anaelezewa kuwa na kijiti kichwani chenye kitu kama chambo mwishoni, anakitikisa samaki wadogo wakija anawameza, kwa hiyo mzee kamwita samaki mwenye mshipi, samaki anayevua samaki. Kuna pweza mdogo ambaye watu wakimlisha ng'ombe aliyekonda anapata nguvu. Kuna kome, kaa, ndege wa baharini, mwani. Aina 226 kwa jumla, wamepangwa wenye magamba, wasio na magamba, wenye magome, na wengineo.

Wavuvi wetu wanaojua bamvua na maji mafu bila kalenda hawatashangazwa na Chang-dae hata kidogo. Watakachoshangaa ni kwamba kuna msomi alikaa akawasikiliza halafu akaandika jina la mvuvi kwenye utangulizi. Maana hilo lipo, sio la filamu. Yak-jeon kwenye utangulizi wa kitabu anasema kisiwani kuna mtu anaitwa Jang Chang-dae, anafunga mlango wake hapokei wageni ovyo, anapenda vitabu vya zamani ila kwao ni maskini na vitabu ni vichache, ni mtulivu na makini, na kila anachokiona na kukisikia, majani, samaki, ndege, anakichunguza mpaka anajua tabia yake, kwa hiyo maneno yake ni ya kuaminika. Akamkaribisha wakakaa pamoja wakafanya utafiti. Hayo tu. Sentensi chache hizo ndo filamu nzima ya saa mbili imetokea, na skripti ya Kim Se-gyeom ilipewa tuzo ya Blue Dragon mwaka ule, Sol Kyung-gu naye akachukua ya muigizaji bora wa kiume. Lee Joon-ik alichukua tuzo kubwa kabisa ya upande wa filamu kwenye tuzo za Baeksang. Wanastahili, lakini kuna jambo moja nina ugomvi nalo.

Kwenye filamu Chang-dae amepewa baba. Ni mtoto wa nje wa bwana mmoja wa tabaka la yangban, yaani lile tabaka la mabwana wasomi waliokuwa wanashika ofisi na ardhi, na baba yuko Naju, anamfahamu ila hamtambui. Naelewa kwa nini waandishi wamefanya hivyo. Watoto wa masuria na wa nje walizibiwa njia enzi za Joseon, huwezi kumwita baba yako baba mbele za watu na mtihani wa serikali ni wa kusikia kwa wengine, kwa hiyo ukimpa kijana jeraha hilo unapata sababu ya yeye kutaka vitabu kwa nguvu vile na unapata njia ya kumtoa kisiwani baadaye. Kwa ufundi wa hadithi inafanya kazi. Ila mi inaniuma, kwa sababu utangulizi wa 1814 unasema tu alikuwa kijana maskini wa kisiwani aliyependa vitabu, na hiyo inatosha! Kwa nini mvuvi akipenda kusoma lazima tutafute tone la damu ya mabwana ndani yake? Filamu yenyewe inasema kwa sauti kubwa kwamba akili haina tabaka, halafu mlango wa nyuma inatuletea baba mkubwa. Hii tabia ipo kwenye tamthilia nyingi za Kikorea za kihistoria, kijakazi mwenye akili anageuka kuwa binti wa waziri aliyepotea, na wengi wetu tumezizoea hatushtuki. Kwa dairekta wa kawaida ningeacha ipite. Kwa Lee Joon-ik nataka zaidi, maana huyu ndo aliyefanya The King and the Clown mwaka 2005, ambayo wachekeshaji wa mitaani walisimama mbele ya mfalme bila kuhitaji damu ya mtu yeyote, na watu zaidi ya milioni 12 wakaingia kumbi za sinema kuiangalia.

Tukirudi kwenye urafiki, kinachonifanya nimheshimu zaidi mwandishi ni kwamba hakuuacha uishe kwa kukumbatiana. Unavunjika, na unavunjika kwa hoja. Chang-dae akishaiva anataka kwenda kuwa afisa, anataka kusaidia watu kutoka ndani ya serikali, na mfano wake ni Yak-yong, yule mdogo wa mzee, ambaye huko Gangjin anaandika kitabu baada ya kitabu juu ya namna ya kuongoza nchi. Kijana anamuuliza mwalimu wake swali ambalo ni la kikatili ukilifikiria: kwa nini mdogo wako anaandika vitabu vya kusaidia raia na wewe unaandika samaki? Na mzee anajibu kweli. Anasema anachokifikiria yeye hakiwezi kuandikwa, anaota dunia isiyo na bwana wala mtumwa, hata mfalme asiwepo. Sasa mtu akishafika hapo, akaandike nini? Samaki wana faida moja kubwa, hawana vyeo, na kuwaandika jinsi walivyo hakuhitaji umwongopee mtu.

Chang-dae anaogopa. Na ana haki ya kuogopa, mimi simlaumu hata kidogo, huyu ni mtu aliyezaliwa chini kabisa ndo kwanza ameona ngazi, unamwambiaje ngazi yenyewe imeoza? Mzee yeye alishapanda akafika juu akaona. Hili ndo la kweli kuliko yote kwenye filamu, kukata tamaa na mfumo ni rahisi zaidi kwa aliyewahi kuufaidi. Kijana anachagua njia ya mdogo mtu, anaondoka, wanaachana vibaya.

Aside kidogo kwa wanaopenda tarehe: kitabu hicho maarufu cha Yak-yong kuhusu maadili ya maafisa, Mongmin Simseo, kilikamilika 1818, miaka miwili baada ya kaka yake kufa. Filamu imevuta muda ili vitabu viwili vigongane, na mi naona wamefanya vizuri, kwa sababu ugomvi wa vitabu ulikuwepo kweli kwenye maisha ya wale ndugu hata kama kalenda haikukutana.

Kinachomkuta Chang-dae bara ni historia tupu. Wakati ule kodi zilikuwa za aina tatu, ya ardhi, ya jeshi, na mikopo ya nafaka ya serikali. Kodi ya jeshi ilikuwa inalipwa kwa kitambaa badala ya kwenda jeshini, na makarani walikuwa wanawaandikisha vichanga waliozaliwa juzi na watu waliokwisha kuzikwa, wote walipiwe. Nafaka ya mikopo inatolewa ikiwa imechanganywa mchanga na makapi, inadaiwa irudi safi na riba juu. Yak-yong mwaka 1803 akiwa Gangjin aliandika shairi kuhusu mwanaume ambaye mtoto wake wa siku tatu aliandikishwa kodi ya jeshi, karani akaja akachukua ng'ombe, yule mwanaume akachukua kisu akajikata uume akisema hiki ndo kimeniletea balaa, na mkewe akaenda na kile kipande kinavuja damu mpaka lango la ofisi na mlinzi akamfukuza. Filamu inalichukua tukio hilo inaliweka mbele ya macho ya Chang-dae akiwa sasa ni mtu wa ofisi, upande wa wenye lango. Hapo Byun Yo-han hasemi mengi na hahitaji. Elimu yote aliyoitafuta, kanuni zote alizozitetea mbele ya yule mzee mlevi kisiwani, zimemfikisha pale, anavaa nguo safi na analinda wezi.

Kisiwani nako kodi haikukosekana. Kuna tukio la miche ya misonobari, mtu anaing'oa ikiwa bado midogo kwa sababu msonobari ukikua ni mali ya serikali, ukikatika unaulizwa na ukikauka unaulizwa, bora usiwepo kabisa. Yak-jeon aliandika kitabu kidogo kuhusu hili mwaka 1804, akieleza kwamba sheria ya kulinda miti ndo inayoimaliza miti na kwamba watu waruhusiwe waipande iwe yao. Watu wanamsema alikimbilia samaki akaacha mambo ya nchi. Sio kweli, na filamu ingeweza kulisema hilo kwa nguvu zaidi ili ule ugomvi wa njia mbili uwe mgumu zaidi kuuamua.

Kuna mtu wa tatu ambaye wachambuzi wengi wanampita, Gageo, mama anayempa mzee nyumba na baadaye anaishi naye na kumzalia watoto. Anachezwa na Lee Jung-eun, yule mfanyakazi wa ndani wa Parasite, na anafanya kitu ambacho hata Chang-dae hafanyi, anambana mzee kwa maneno ya kawaida kabisa. Wasomi wanapenda kusema mtoto anatokana na mbegu ya baba, basi mama huyu anauliza na shamba je, mbegu bila udongo ingeota wapi, mbona hamna anayeshukuru udongo? Mzee anakaa kimya, hilo hakulifikiria. Nimependa kwamba linasemwa na mtu anayepika, katikati ya shughuli, bila muziki wa kutuambia hili ni zito. Ila baada ya hapo filamu inamrudisha jikoni na kumuacha, na ni hasara, kwa sababu kama kuna uhusiano usiotarajiwa uhamishoni ni huu pia, mwanamke ambaye hakuchagua kupewa mfungwa alishe.

Kuhusu rangi. Filamu karibu yote ni nyeusi na nyeupe, na najua kwa wengi hicho ni kikwazo, unafungua simu unaona haina rangi unadhani ni ya zamani unapita. Usipite. Lee Joon-ik alishafanya hivi mwaka 2016 na Dongju, ya yule mshairi aliyefia gereza la Kijapani, na hapa kafanya kwa sababu tofauti nadhani. Filamu za kifalme za Korea zimetuzoesha hariri nyekundu, mapambo, majumba yaliyopakwa rangi, macho yanashiba mpaka unasahau nani analipia ile hariri. Ukiondoa rangi, nguo ya msomi na nguo ya mvuvi zinakaribiana, kilichobaki ni nyuso, mikono, ngozi ya samaki iliyolowa na mawimbi. Maji kwenye nyeusi na nyeupe yanakuwa mazito, unahisi kilometa 90 zile. Na rangi inapojitokeza, mara chache sana na mwishoni kwenye kisiwa, inakuja baada ya kijana kukielewa kisiwa chake, sijui kama ilihitajika, ila sikuikataa.

Nilichokikosa kabisa ni mwisho halisi wa mzee, ambao tunaujua kutoka kwenye maandishi ya Yak-yong aliyoyaandika kwa ajili ya kaburi la kaka yake. Anaeleza kwamba Yak-jeon kule visiwani alikunywa na wavuvi na watu wa chini, hakujikweza, na wenyeji walimpenda mpaka wakawa wanagombea nani akae naye. Mwaka 1814 ikasikika habari kwamba Yak-yong anakaribia kuachiwa. Kaka mtu akasema siwezi kumwacha mdogo wangu avuke bahari mbaya mara mbili kuja kuniona, nitahamia Ui, kisiwa kilicho karibu zaidi na bara, nimsubiri hapo. Watu wa Heuksan wakakataa. Wakasema haondoki mtu! Mzee akapanga na watu wa Ui, wakaja na mashua usiku wa ukungu wakamchukua kimya kimya, na asubuhi watu wa Heuksan waligundua, wakaingia kwenye mashua zao wakawafukuza, wakawakamata njiani wakamrudisha. Ikabidi abembeleze karibu mwaka mzima ndo wakakubali. Akaenda Ui akasubiri miaka mitatu hivi kwa hesabu ya kwao, barua ya kumwachia mdogo wake ikacheleweshwa na maadui kule Seoul, na mwaka 1816 akafa bila kumwona. Yak-yong aliachiwa 1818.

Fikiria tukio lile la mashua. Mfungwa wa serikali, msaliti kwenye makaratasi, mdomo wa ziada uliolazimishwa kwao mwaka 1801, na miaka 13 baadaye kijiji kizima kinaruka kwenye mashua kumzuia asihame kisiwa. Hamna amri iliyowatuma. Filamu imeweka uzito wote kwa kijana mmoja na mwalimu wake, na nimeshasema kwa nini wawili hao wanaaminika, lakini ushahidi mkubwa kuliko wote wa uhusiano usiotarajiwa ulikuwa huu wa kisiwa kizima, umeandikwa, una usiku, ukungu, mashua na ugomvi, yaani kila anachokitaka mtu wa sinema. Ningekuwa na uwezo ningemuomba Lee Joon-ik atoe zile dakika za baba wa Naju azipeleke huku.